Nilichangia pipa la mvinyo kwenye mnada wa Beaune, huu ndio mrejesho wangu

Naanza na hela maana najua ndiko macho yenu yanakokimbilia. Chupa moja imenitoka zaidi kidogo ya yuro 100 ukijumlisha kila kitu, na nililipa wakati mvinyo wenyewe bado mchanga, hauna chupa, hauna lebo, na sikuuona tena kwa karibu miaka miwili. Yaani ni sawa na mtu akuuzie ndama akiwa bado tumboni kwa mama yake halafu akwambie na malisho utagharamia wewe. Na bado nimewapa nyota 4 kati ya 5. Ngoja nieleze.

Mnada ni ule wa Hospices de Beaune, Ufaransa, kwenye kamji kanaitwa Beaune katikati ya mashamba ya Bourgogne. Unafanyika Jumapili ya tatu ya Novemba, wameanza tangu 1859, na kinachouzwa siyo chupa bali mapipa ya mwaka huohuo. Zabibu zimevunwa juzijuzi tu (mwaka niliokwenda mimi, 2022, joto lilikuwa kali na ukame juu, huko wengine walianza kuvuna mwisho wa Agosti), zimesindikwa, zimechachuka, zimeingia kwenye pipa jipya la mwaloni la lita 228, na miezi miwili mitatu baadaye dalali anagonga nyundo. Pipa wao wanaliita pièce. Hela inakwenda hospitali, maana Hospices ni hospitali ya mji na mashamba ni yake.

Mimi ni mtoto wa Dodoma, kwa hiyo habari za zabibu siyo ngeni kwangu. Baba mdogo ana shamba Hombolo, na nimekua nikiona mchuzi wa zabibu, yaani mvinyo mbichi, umelala kwenye simtanki nyuma ya nyumba unamngoja mnunuzi aliyesema anakuja Jumanne, Jumanne ya mwezi gani hakusema. Sasa kusikia kuna sehemu watu wanauza mchuzi ambao haujakaa sawa, tena kwa mnada, na dunia nzima inapanda ndege kwenda kuugombania, nikasema hili lazima nilione kwa macho yangu.

Niliingiaje? Nafanya kazi ya uhudumu kwenye mgahawa Lyon, na bosi kila mwaka anakusanya marafiki na wateja wa siku nyingi wanachangia pipa moja. Ni kama kikoba tu. Pipa ukiligawa kwenye chupa za kawaida linatoa 300 na kidogo, ila kuna inayovukiza na inayobaki kwenye machicha, kwa hiyo wanapiga hesabu ya chupa 288, katoni 24 za chupa 12, hisa 24. Mwaka huo jamaa mmoja akajitoa dakika za mwisho, mimi na mshkaji wangu wa jikoni, Mkongo wa Lubumbashi, tukaibeba hisa yake nusu kwa nusu. Chupa 6 kila mtu. Mke wangu mpaka leo anaiita "ile hela ya friji".

Zamani mtu wa kawaida usingesogea, yalikuwa mambo ya wafanyabiashara wa mvinyo wenyewe kwa wenyewe. Mlango wa watu binafsi ulifunguka 2005 kampuni ya minada ya Christie's ilipopewa kuendesha mnada, ukaweza kununua hata pipa moja tu, na tangu 2021 wanaouendesha ni wenzao wa Sotheby's. Ila usijidanganye kwamba unapakia pipa kwenye pikapu unaondoka nalo. Ni lazima lilelewe hukohuko Bourgogne na wenye kazi yao, wanawaita négociant, ndio wanaokupigia bei ukumbini, wanalichukua pipa, wanalilea mpaka liive, wanatia kwenye chupa, na kwenye lebo linaandikwa jina la Hospices pamoja na jina la mnunuzi. Kila hatua ina ankara yake. Hapa ndipo nilipokata robo tatu ya nyota ya tano, maana bei inayotangazwa ukumbini ukadhani ndiyo hiyo, kumbe juu yake kuna ada ya mnada, kuna kodi, kuna ya kulea, chupa, vizibo, lebo, katoni, usafiri. Bosi alitueleza mapema, sisi ndio tulisikia tulichotaka kusikia.

Jumamosi tulitangulia kwenda kuiona hospitali yenyewe, wanaiita Hôtel-Dieu, siku hizi ni makumbusho. Aisee. Paa lake ni vigae vya rangi, nyekundu, njano, kijani na kahawia iliyoiva, vimepangwa kwa michoro kama mkeka wa ukili wa bibi, na lile jua la Novemba likipiga unasimama tu uani shingo juu unagongana na watalii. Aliyejenga ni Nicolas Rolin, mkubwa wa serikali ya mtawala wa Bourgogne enzi hizo, pamoja na mke wake Guigone de Salins, mwaka 1443, vita vya muda mrefu vilikuwa vimewaacha watu na njaa na umaskini mtupu. Mgonjwa wa kwanza aliingia tarehe 1 Januari 1452. Wakaendelea kupokea wagonjwa mlemle mpaka 1971 walipohamishiwa hospitali ya kisasa. Hebu piga hesabu hapo, zaidi ya miaka 500 jengo moja linahudumia watu.

Ndani kuna ukumbi mmoja mrefu, ukumbi wa maskini, vitanda vimepangwa huku na huku, kila kimoja na pazia jekundu, na mwisho wa ukumbi kuna kanisa dogo ili mgonjwa asikilize misa akiwa amelala. Halafu kuna ule mchoro mkubwa wa Hukumu ya Mwisho wa Rogier van der Weyden, siku hizi umewekwa chumba chake pekee, ila zamani ulikuwa kule kanisani kwa wagonjwa. Katikati malaika Mikaeli ameshika mizani anapima roho, upande mmoja watu wanaingia peponi taratibu, upande wa pili wanaporomoka motoni uchi wanalia. Mkongo aliusimamia kama dakika kumi, halafu akasema, "Kaka, yaani uko na homa, unafungua macho, unaona hii?" Nikamwambia huku ukiugua unaonyeshwa kabisa njia panda.

Sasa mashamba ya hospitali yalitoka wapi? Watu walitoa. Kuanzia 1457 mtu mwenye mali akiona siku zake zinahesabika anaiachia hospitali kipande cha shamba la mizabibu, mwingine naye anaongeza, hivyohivyo, leo wana kama hekta 60 na sehemu kubwa ni ya madaraja ya juu kabisa ya Bourgogne. Ndiyo maana kila mvinyo una jina la mtu, wafadhili na waliotumika pale. Kuna Nicolas Rolin, kuna Guigone de Salins, kuna Dames de la Charité ambao ni masista, na kuna mmoja ulinichekesha mpaka leo, Docteur Peste. Peste kwa Kifaransa ni tauni. Daktari Tauni! Na pipa lake la Corton, shamba la daraja la juu kabisa la huko, watu wanaligombania. Msimamizi wa mashamba na pishi lote hilo ni mwanamama, Ludivine Griveau, yupo tangu 2015 na ndiye mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Haya, kuonja. Mfanyabiashara wa bosi, yaani négociant wake, alitupitisha kwenye kuonja kutoka kwenye mapipa, na hapa ndugu zangu naomba msiende na matarajio ya mvinyo wa mgahawani. Mtu anachomeka bomba la kioo kwenye tundu la pipa, anavuta, anakumiminia kidogo. Rangi ni ile ya juisi ya zambarau, imefifia kwa ukungu, haijatulia. Ukitia mdomoni kitu cha kwanza ni gesi inachomachoma ulimi, halafu uchachu kama umelamba ukwaju, halafu ufizi unakauka kana kwamba umetafuna ganda la ndizi mbichi. Unatema kwenye ndoo. Baada ya mapipa nane meno yangu yalikuwa meusi tii na Mkongo ananicheka huku ya kwake ni yaleyale. Sababu ni kwamba mvinyo bado uko njiani, ile asidi kali kama ya tofaa bichi haijageuka kuwa ile laini inayofanana na ya maziwa, hiyo inakuja baadaye pipani. Wazoefu wanasikiliza vitu vingine kabisa, mmoja alikuwa anaonja, anafumba macho, anaandika ukurasa mzima. Mimi nilisikia ukwaju. Lakini nitawaambia kitu kimoja, la tatu na la saba yalikuwa tofauti hata kwa ulimi wangu mgumu, la saba lilitelemka likaacha harufu puani muda mrefu baada ya kutema, kama udongo wa Dodoma mvua ya kwanza ikigusa. Nikauliza ni lipi hilo, nikaambiwa bei ya mwaka jana, nikarudisha glasi mezani polepole.

Jumapili yenyewe sasa. Mnada unafanyika sokoni, kwenye jengo la Halles, linatazamana na Hôtel-Dieu. Nje ni sherehe tupu, mji mzima uko barabarani, watu wanakula konokono kwa vijiti, kuna mikate midogo ya jibini ya moto wanaiita gougères (kula hizo, kula nyingi), kuna mayai yaliyochemshwa kwenye mchuzi wa mvinyo mwekundu ambayo kwa macho hayavutii kabisa ila mdomoni ni mambo mengine. Konokono mimi nilikataa, Mkongo alipiga dazeni na mkate.

Ndani tulipata nafasi mbili za kusimama nyuma. Na hapa nikajikuta nacheka peke yangu, maana nilikijua kile kitu. Ni mnada wa mavuno kanisani! Mliokulia kanisani mnajua, Jumapili ya mavuno ibada ikiisha mnatoka nje, chini ya mti kuna maboga, mkungu wa ndizi, debe la mahindi, trei la mayai, jogoo amefungwa miguu, na mzee wa kanisa mwenye mdomo ananadi, elfu kumi mara ya kwanza, mheshimiwa diwani mbona kimya, na yule jogoo wa elfu ishirini anakwenda kwa laki, aliyenunua anasema namrudisha kwa Bwana, ananadiwa tena. Hakuna anayenunua jogoo pale, watu wananunua paa la kanisa. Basi Beaune ni vilevile, tofauti ni kwamba jogoo anauzwa kwa Kifaransa na Kiingereza kwa mpigo, kuna safu ya wadada na simu masikioni wanaongea na watu wa huko mbali, na kuna skrini.

Na wana jogoo wao maalumu. Kila mwaka pipa moja linatengwa, Pièce des Présidents, hela yake haiingii hospitali ya Beaune, inapewa mashirika ya hisani yaliyochaguliwa mwaka huo, na wanaalikwa watu maarufu kuja kulipigia debe. 2022 lilikuwa Corton na hela ilikuwa ya mashirika yanayosaidia watoto. Kwa mila mnada wao ulikuwa wa mishumaa, wanawasha kamshumaa kembamba, watu wanapandisha bei, kamshumaa kakizimika aliyetaja wa mwisho ndiye mwenye mali. Siku hizi kazi inafanywa na nyundo, mshumaa umebaki kwa heshima ya wazee. Lile pipa lilipoanza kupanda ukumbi ulinyamaza, halafu likapita laki tano watu wakaanza kupiga makofi, likaishia yuro 810,000. Pipa moja. Mkongo akaniuliza kwa sikio, "Anakunywa hiyo yote?" Nikamwambia huyo amenunua jogoo wa mchungaji.

Pipa letu sasa, Beaune nyekundu ya premier cru (daraja la pili kutoka juu), la watu wa kawaida kwa vipimo vya pale. Mwaka ule wastani wa pipa ulizidi yuro elfu 30, mavuno yalikuwa mengi, mapipa 802, na jumla ilivuka yuro milioni 28, kwa hiyo tulikuwa na wasiwasi kikomo tulichojiwekea hakitatosha. Namba yetu ilipokaribia moyo unadunda kama mimi ndiye ninayenunua lote. Yule mfanyabiashara amekaa mbele, hanyanyui mkono, ananyanyua kalamu kidogo tu, kidogo sana, dalali anaona, bei inapanda, kuna mtu wa simu anamfuata, kalamu, simu, kalamu, halafu nyundo. Imeisha. Sijui kama ilifika dakika. Mkongo alikuwa ameenda msalani, aliporudi alikuta tumeshakuwa wamiliki.

Baada ya hapo kiukweli inachosha. Mapipa 802 jamani. Ni mchana mpaka usiku, namba, bei, nyundo, namba, bei, nyundo, miguu inawaka moto na tumboni hakuna kitu. Robo ya mwisho ya nyota imekwenda hapo. Kama hununui usijitese kuingia, kaa nje, zunguka, kula, rudi jioni ya lile pipa maalumu. Na wenye hela zao wana mambo yao mengine wikiendi hiyo, wanaziita Trois Glorieuses, siku tatu tukufu, Jumamosi usiku chakula kwenye ngome ya Clos de Vougeot, Jumapili mnada, Jumatatu chakula cha mchana kule Meursault ambako kila mtu anakuja na chupa yake bora na kuzungusha mezani. Hizo mimi nimezisikia kwa bosi tu, Jumatatu nilikuwa nimeshika trei Lyon.

Malazi, aisee, jipangeni mapema sana. Sisi tulikuwa tumeweka chumba kwenye nyumba moja ya wageni, tulipofika mwenyewe anatuangalia anasema hana jina letu, na kwa dirisha namuona bwana mwingine anapandisha begi ngazi. Tulibishana kwa adabu, tukashindwa kwa adabu, tukapanda treni mpaka Dijon, kama nusu saa hivi, tukapata pa kulala kwa bei nafuu kuliko ile ya mwanzo. Kwa hiyo ushauri wangu, laleni Dijon tangu mwanzo.

Halafu ndiyo kusubiri sasa. Mwaka 2023 wote hakuna kitu, ila mara mbili bosi alikwenda kuonja akarudi anasema limetulia, linaanza kufunguka, sisi tunaitikia kama wazazi wanaosikia habari za mtoto wa bweni. Chupa zilifika 2024 katikati. Lebo nzuri, ya kizamani, imeandikwa Hospices de Beaune na jina la cuvée, yaani la mvinyo wenyewe, na chini jina la aliyenunua, ambaye siyo mimi, ila najua nusu katoni ni yangu. Nilifungua moja wiki hiyohiyo kwa kiherehere. Ule ukwaju umekwenda! Sijui niseme nini, umebaki uchachu kidogo wa kukufanya utake kula, kuna cheri, kuna moshi kidogo wa lile pipa, na ufizi haukauki tena. Bosi alinikemea, alisema nimeua mtoto, ningengoja miaka mitano au sita. Sawa.

Chupa mbili nikabeba Desemba kwenda nyumbani. Nikamfungulia baba mdogo pale barazani Hombolo, akamimina kwenye kikombe cha chai maana glasi alisema zina vumbi, akanusa, akanywa, akakaa kimya.

"Haina sukari," akasema.

"Ndivyo ulivyo baba, mkavu."

"Si mbaya. Umetulia. Huu umekaa kwenye nini?"

"Pipa la mti, mwaka na zaidi."

"Na mwenye pipa alikuwa anakula nini huo mwaka mzima?"

Nikamweleza kwamba walishalipwa kabla, siku ya mnada, mchuzi ukiwa bado mbichi, na hela imekwenda hospitali. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza bei ya chupa, nikataja kwa shilingi, akaweka kikombe chini akaanza kuhesabu kwa vidole kilo za zabibu, alipofika mbali akaacha, akanyanyua kikombe akamalizia, akaomba kingine. Chupa ilipoisha mama mdogo aliiosha. Nilipoondoka ilikuwa jikoni karibu na mafiga, lebo bado ipo, ndani ina mafuta ya alizeti.